Kodi ya leseni za kampuni za umeme, maji na simu Marekani: mwongozo kamili wa kupata takwimu za jimbo na kuzisoma sawasawa

Majedwali ninayoletewa yanafanana kama mapacha. Mtu anaandika tasnifu, ripoti ya ofisini au makala ya gazeti kuhusu fedha ambazo majimbo ya Marekani hukusanya kutoka kampuni za umeme, maji, gesi na simu. Takwimu kazipata, grafu kachora. Lakini jimbo moja linaonekana limekusanya mara elfu ya jirani yake, lingine limepanda mwaka ambao halikupanda, la tatu limetoweka kabisa. Mwenyewe anadhani kakosea kujumlisha. Kujumlisha kajumlisha vizuri tu. Kilichomponza ni fungu (aina ya kodi aliyoichukua), kipimo au mwaka, na mara nyingi ni vyote vitatu.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo moja: kuchukua kodi ya leseni za kampuni za huduma kwa jimbo moja au zaidi, na kutoka na tarakimu unayoweza kuitetea mbele ya msimamizi au mhariri. "Kampuni za huduma" hapa ni zile zinazouzia umma umeme, gesi, maji na simu, pamoja na kampuni za usafiri wa umma wa abiria na mizigo. Tenga mchana mmoja. Ukiharakisha, utatumia wiki kurekebisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Excel au Google Sheets. Simu inatosha kutazama takwimu, haitoshi kuzifanyia kazi.
- Orodha ya majimbo unayoyataka na miaka unayoitaka, imeandikwa kabisa.
- Jedwali la makusanyo ya kodi za majimbo kutoka Ofisi ya Sensa ya Marekani. Lipo la mwaka na lipo la robo mwaka.
- Tovuti ya FRED ya Benki ya Federal Reserve ya St. Louis, ambayo huchukua takwimu hizohizo na kuzipanga jimbo kwa jimbo. Ni bure.
- Fahirisi ya bei za mlaji ya Marekani, yaani kipimo cha jinsi bei za bidhaa na huduma zinavyopanda, na idadi ya watu wa kila jimbo. Zote mbili zimo FRED.
- Ukurasa mtupu wa daftari. Humo utaandika kila uamuzi unaoufanya. Watu huudharau ukurasa huu, kisha baada ya miezi miwili hawakumbuki walitumia jedwali lipi.

Onyo kwa wasomaji wa Kongo, Burundi na walioko Ulaya: kama kompyuta yako imewekwa kwa Kifaransa au Kijerumani, Excel huisoma nukta tofauti. Tarakimu 218.056 yaweza kugeuka maandishi yasiyojumlishika, au ikawa 218056 mchana kweupe. Badilisha mpangilio wa lugha na nchi wa kompyuta uwe wa Kimarekani kabla ya kufungua chochote.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Nataka kujua kodi za kampuni za umeme" si swali. "Serikali ya jimbo la Michigan ilikusanya dola ngapi za leseni za kampuni za huduma kila mwaka wa fedha kuanzia 2010 hadi 2020?" hilo ni swali. Lina jimbo, lina ngazi ya serikali, lina aina ya kodi, lina miaka. Kikikosekana kimoja, hatua inayofuata itakuangusha.

## Hatua ya 2: Lijue fungu lako

Hapa ndipo wengi wanapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukua risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania. Mtanzania wa Bara anaijua: VAT asilimia 18, EWURA asilimia 1, REA asilimia 3, na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo. Mita moja, risiti moja, makato manne yenye asili tofauti. La kwanza ni kodi ya mauzo, la pili linamlisha mdhibiti, la tatu linakwenda mfuko wa umeme vijijini, la nne ni kodi ya mali ambayo imedandia mita kwa sababu mita haikwepeki. Ukiyajumlisha yote ukasema "hii ndiyo kodi ya umeme", hata jirani yako atakuuliza maswali.

Marekani ni vilevile, ila mafungu yana namba. Ofisi ya Sensa huipa kila aina ya kodi herufi T na tarakimu mbili. Unayoitafuta wewe ni T27, kodi ya leseni za kampuni za huduma. Hayo ni malipo ambayo kampuni hulipa kama sharti la kuruhusiwa kufanya shughuli. Hutozwa kwa kiwango kimoja kwa wote, au kwa kupima ukubwa wa mtaji, idadi ya vituo, au uwezo wa mitambo.

Fungu linalochanganywa nalo kila siku ni T15. Hilo nalo ni la kampuni za huduma, lakini ni kodi ya mauzo: hupimwa kwa mapato ghafi ya kampuni au kwa kiasi cha huduma kilichouzwa. Mfano mzuri ni Florida, ambako umeme hutozwa asilimia 2.5 ya mapato ghafi, na fedha hizo huenda kwenye majengo ya shule na vyuo. Anayelipa ni kampuni ya umeme, ndiyo. Lakini hiyo si leseni. Kadiri watu wanavyowasha viyoyozi, ndivyo kodi inavyopanda. Leseni haiendi na kiyoyozi.

Kwa hiyo jiulize hivi: malipo haya yanapanda kwa sababu mauzo yamepanda? Kama ndiyo, karibu kila mara uko nje ya T27.

Wala jina lisikudanganye. Kentucky ina tozo ambayo sheria imeiita kodi ya leseni. Ukiisoma, inatozwa kwenye mapato ghafi ya bili za umeme, gesi, maji na simu, haizidi asilimia 3, na ni ya wilaya za shule, si ya hazina ya jimbo. Neno "leseni" limo kwenye jina, lakini kwa kipimo na kwa mwenye fedha imekwenda kwingine. Nimeona mtu akiiingiza kwenye jedwali la jimbo kwa sababu ya hilo neno moja.

Mafungu mengine ya kuepuka nayapitia haraka. T01 ni kodi ya mali, na humo ndimo zinamoingia kodi za nguzo, mitambo na mabomba pale jimbo linapozitoza lenyewe. T09 ni kodi ya mauzo ya jumla. T41 ni kodi ya faida za makampuni. T22 ni leseni za makampuni kwa ujumla, na kodi maarufu ya Delaware kwa makampuni yaliyosajiliwa huko imo humo. Kampuni ya umeme yaweza kulipa zote hizi mwaka mmoja.

Kuna pia fedha ambazo hazimo kwenye jedwali la kodi za jimbo hata kidogo. Miji mingi ya Marekani huzitoza kampuni ada za kupitisha nyaya na mabomba barabarani. Hayo ni mapato ya mji. Na pale ambapo huduma ni mali ya umma, mauzo yake ni mapato ya shirika, si kodi. Nebraska ndiyo mfano wa kukumbuka: umeme wake wote hutolewa na mashirika ya umma na ya ushirika. Usiilinganishe na jimbo la kampuni binafsi bila kusema hivyo.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kumweleza mtu asiye mchumi, bila kutazama daftari, kwa nini asilimia 2.5 ya Florida haimo kwenye tarakimu yako.

## Hatua ya 3: Chagua jedwali la mwaka au la robo

Kwenye FRED, andika kwenye kisanduku cha kutafutia *public utilities license* pamoja na jina la jimbo. Utaletewa mfululizo wa mwaka na wa robo mwaka. Usibofye wa kwanza kwa kuwa ndio wa kwanza. Soma kichwa chake, kisha mistari midogo iliyo karibu na grafu: kipimo, marudio (wa mwaka au wa robo), na kama umesawazishwa kimsimu, yaani umeondolewa kupanda na kushuka kwa kawaida kwa misimu. Mistari hiyo mitatu ndiyo yenye thamani kuliko grafu yenyewe.

Ushauri wangu: kwa kodi hii, tumia la mwaka isipokuwa una sababu nzito. Jedwali la robo huchapishwa kwa mamilioni kamili, nayo leseni za kampuni za huduma katika majimbo mengi ni fedha ndogo. Jimbo lililokusanya dola 400,000 katika robo litaonyesha sufuri. Ukijumlisha robo nne, kila moja yaweza kuwa imepunja au kuzidisha hadi nusu milioni, kwa hiyo jumla yako inaweza kuwa nje kwa dola milioni 2. Kwa kodi ya mabilioni hilo ni vumbi. Kwa kodi ya dola milioni 3 ni balaa.

La robo lina ugonjwa mwingine. Leseni nyingi hulipwa mara moja kwa mwaka, hivyo robo moja inafura na tatu zinakauka. Takwimu hazijasawazishwa kimsimu. Usilinganishe robo na iliyoitangulia. Linganisha na robo ileile ya mwaka uliopita. Na usichukue robo moja ukazidisha kwa nne, hata kama msimamizi ana haraka.

Pakua faili, kisha papo hapo andika daftarini jina kamili la mfululizo na tarehe ya kupakua. Takwimu hizi hurekebishwa. Mwenzako akipakua mwakani akapata tarakimu tofauti, tarehe hiyo ndiyo itakayokutetea.

## Hatua ya 4: Weka kipimo kimoja

Jedwali la mwaka liko kwa maelfu ya dola. La robo liko kwa mamilioni. Seli yenye 8,450 kwenye faili la mwaka maana yake ni dola 8,450,000. Seli yenye 8 kwenye la robo maana yake ni takriban dola 8,000,000. Zipange safu mbili hizo pamoja bila kubadili, na tayari una yale maajabu ya jimbo moja kukusanya mara elfu ya jirani.

Fungua safu mpya, iite "dola kamili", na uzidishe: kwa 1,000 ikiwa ni la mwaka, kwa 1,000,000 ikiwa ni la robo. Safu ya awali usiifute wala usiandike juu yake. Mimi nilishawahi kuzidisha juu ya safu ya awali, nikapumzika kwa chai, nikarudi nikazidisha tena. Mapato ya leseni ya jimbo moja la milimani yalikaribia bajeti ya nchi, na nilikuwa nimeshamtumia mtu.

## Hatua ya 5: Panga miaka

Mwaka wa fedha wa Marekani huitwa kwa jina la mwaka unaomalizikia. Majimbo 46 hufunga 30 Juni, kama Tanzania na Kenya, kwa hiyo msomaji wa huku yuko nyumbani. Manne ndiyo yanayoleta kichefuchefu: New York hufunga 31 Machi, Texas 31 Agosti, Alabama na Michigan 30 Septemba.

FRED nayo inaongeza mtego wake. Kwenye mfululizo wa mwaka, mwaka wa fedha 2020 umewekewa tarehe 2020-01-01. Anayeiona hudhani fedha hizo zilianza kukusanywa Januari 2020. Kwa majimbo 46 zilianza 1 Julai 2019.

Inaleta tofauti gani? Tazama mwaka huohuo wa 2020. Wa New York ulifungwa siku chache tu baada ya watu kuamriwa kubaki nyumbani mwezi Machi. Wa Michigan una miezi sita mizima ya korona ndani yake. Ukiyaweka majimbo hayo mawili bega kwa bega ukaandika "athari za korona 2020", umelinganisha jimbo ambalo halijaugua na ambalo limeshalazwa.

Kama ni lazima uunde mwaka wa fedha kutokana na robo, hizi ndizo tarehe za FRED za kujumlisha kwa mwaka wa fedha 2020:

- Majimbo 46: 2019-07-01, 2019-10-01, 2020-01-01, 2020-04-01.
- New York: 2019-04-01, 2019-07-01, 2019-10-01, 2020-01-01.
- Alabama na Michigan: 2019-10-01, 2020-01-01, 2020-04-01, 2020-07-01.
- Texas: haiwezekani. Mwaka wake huanza 1 Septemba, katikati ya robo. Chukua jedwali la mwaka tu.

Ukimaliza, jumla yako ya robo nne ilinganishe na tarakimu ya mwaka ya jimbo hilo. Zikipishana kidogo, ni kukadiria kwa mamilioni na marekebisho ya baadaye. Zikipishana mara mbili, umechukua robo zisizo zake. Rudi.

## Hatua ya 6: Tofautisha sufuri na pengo

Kwenye majedwali ya Sensa, herufi X maana yake kitu hicho hakihusiki: jimbo halina kodi ya aina hiyo. Kistari au 0 ni jambo jingine. Seli tupu ni la tatu. Wengi hugeuza vyote kuwa sufuri kisha wanatafuta wastani wa majimbo 50, na wastani unashuka kwa sababu ya majimbo ambayo hayakupaswa kuwemo. Soma maelezo ya alama chini ya jedwali ulilopakua, weka kila alama kwa rangi yake, na wastani utafute kwa majimbo yenye kodi hiyo tu. Taja ni mangapi.

Ukiona tarakimu hasi, usishtuke. Makusanyo huhesabiwa pamoja na riba na faini, yakiwa yametolewa marejesho. Marejesho yakizidi, inashuka chini ya sufuri. Iache ilivyo.

## Hatua ya 7: Ondoa mfumuko wa bei, gawa kwa watu

Takwimu zote hizi ziko kwa dola za wakati wake. Fahirisi ya bei za mlaji ilikuwa na wastani wa 218.056 mwaka 2010 na 258.811 mwaka 2020. Gawa ya pili kwa ya kwanza, unapata takriban 1.187. Maana yake, jimbo lililokusanya dola milioni 10 mwaka 2010 lilihitaji kukusanya karibu milioni 11.9 mwaka 2020 ili lisirudi nyuma. Kama lilikusanya milioni 11, grafu yako inapanda lakini mapato yameshuka. Leseni za kiwango kimoja huumia hivi kimyakimya: sheria imeandika kiasi, kiasi hakiguswi miaka nenda rudi, bei zinakwenda zake.

Kanuni: mapato ya mwaka husika × fahirisi ya mwaka wa msingi (mwaka uliochagua bei zake ziwe kipimo cha miaka yote) ÷ fahirisi ya mwaka husika. Kwa usahihi zaidi, tumia wastani wa fahirisi za miezi 12 ya mwaka wa fedha wa jimbo badala ya mwaka wa kalenda.

Kisha idadi ya watu. Tuseme, kwa mfano wa darasani tu, Wyoming na California zote zimekusanya dola milioni 5. Kwa sensa ya 2020 Wyoming ilikuwa na watu 576,851 na California 39,538,223. Wyoming ni dola 8.67 kwa kila mtu. California ni senti 13. Bila kugawa, ungesema yako sawa.

## Hatua ya 8: Jipime mwenyewe kabla hujapimwa

Ukaguzi wa haraka kuliko wote: kwenye jedwali la mwaka, jumlisha leseni zote za jimbo, yaani T20 hadi T25, kisha T27, T28 na T29. Jumla hiyo ilingane na mstari wa jumla ya kodi za leseni. Usitafute T26 kwenye orodha, hukuipoteza, haimo.

Kisha tazama miruko. Mwaka ulioruka ghafla una sababu: sheria imebadilika, malipo yamesogezwa kuvuka mwisho wa mwaka wa fedha, deni la zamani limelipwa, au kodi imehamishwa kutoka fungu moja kwenda lingine. Hiyo ya mwisho hudanganya kuliko zote. Ukiona T27 imeporomoka mwaka mmoja, fungua T15 na T28 (leseni nyinginezo za kazi na biashara) za jimbo hilo mwaka huohuo. Kama mojawapo imepanda kwa kiasi kilekile, fedha hazikupotea, zimehama chumba.

Bado huoni sababu? Fungua ripoti ya fedha ya mwaka ya jimbo lenyewe au ya idara yake ya mapato. Tegemea majina tofauti, kwa kuwa jimbo hupanga vitabu vyake kwa sheria zake na Sensa hupanga kwa mafungu yake. Tume inayodhibiti huduma nayo ina ripoti zake. Huko Texas uwe macho: gesi na mabomba yake viko chini ya tume ambayo jina lake bado ni la reli, ingawa reli zenyewe haizisimamii tena.

## Hatua ya 9: Andika maelezo chini ya grafu

Hii huchukua dakika tano. Taja fungu, chanzo, ngazi ya serikali, kipimo, mwaka wa fedha, mwaka wa msingi wa bei na tarehe ya kupakua. Kwa mfano:

*Kodi ya leseni za kampuni za huduma (T27), serikali ya jimbo la Michigan pekee, miaka ya fedha 2010–2020 inayoishia 30 Septemba. Dola za 2020, kwa kila mkazi. Haijumuishi kodi za mauzo za huduma (T15), kodi za mali wala ada za miji. Chanzo: Ofisi ya Sensa ya Marekani kupitia FRED, ilipakuliwa tarehe uliyoandika daftarini.*